Vidole vya Afande

Afande alikuwa na maoni kuhusu kila kitu chini ya jua, na maoni yake kuhusu mkwewe peke yake yangejaza gunia. Alikuwa amestaafu kazi ya uaskari katika gereza la wanawake, kazi aliyoianza akiwa msichana mwenye kiuno na kuimaliza akiwa mtu ambaye kiuno chake hakijulikani kinaanzia wapi. Kustaafu kulimvua sare tu. Sauti alibaki nayo. Akikuuliza kama umelala salama, unajikuta unatafuta shahidi.

Paa la nyumba yake lilipoanza kuvuja, mafundi walilibomoa lote, naye akahamia kwa binti yake wa pekee "kwa muda mfupi tu". Maneno hayo binti aliyapokea kwa furaha, mkwe akayapokea kwa adabu. Binti alikuwa mpima ardhi. Aliondoka alfajiri na buti zake na kurudi jioni na vumbi la mashamba ya watu. Mkwe alikuwa mchora mabango, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Chumba kilinuka rangi na tapentaini, na ukutani yaliegemezwa mabango ya wateja: la kinyozi, la duka la vipuri, la daktari wa meno lenye jino linalocheka kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kuingia pale. Kwa hiyo mchana kutwa nyumba ilibaki na mama mkwe na mkwewe, watu wawili ambao heshima inawataka wasikaribiane mno, na choo kilikuwa kimoja.

Kosa la mkwe lilikuwa asubuhi. Jua likipanda na majirani wote wakiwa wameshakosana na mabosi wao, yeye ndiyo kwanza anatoka chumbani, anatembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Anakaa mezani, anakizungushia kikombe cha chai viganja vyote viwili bila kunywa, kama kuku aliyelalia yai. Ukimwuliza ana nini, jibu ni lilelile.

"Vidole vimekaza, Mama. Vikipata joto vitalegea."

"Vidole vimekaza!" Afande alimlalamikia binti yake jioni, na hakujisumbua kupunguza sauti. "Kule gerezani nilikuwa na wanawake waliokaza kila kitu siku ya kufyeka nyasi. Ikifika siku ya wageni, wazima wote, wanaruka kama panzi."

"Mama, mwenzio anaumwa."

"Anaumwa uvivu. Na uvivu hauna sindano."

Akambandika jina, Saa Nne, kwa sababu ndipo alipoanza kushika brashi. "Saa Nne ameamka?" angeuliza, huku mwenyewe amekaa mbele yake.

Lakini nyani haoni kundule. Binti aliamini kwamba mama yake huamka kabla ya jogoo kwa sababu ya nidhamu ya kazi. Nidhamu wapi! Afande aliamka mapema kwa sababu kila alfajiri mikono yake mwenyewe ilikuwa kama glavu zilizojazwa mchanga, na alihitaji muda wa kutosha kuifufua kabla hajaonekana. Alijifungia bafuni, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, akakunja na kukunjua kidole kimoja kimoja huku akiyatamka, kwa sauti ya chini, matusi yote aliyofundishwa na wafungwa. Walikuwa walimu wazuri. Pete ya marehemu mumewe alishaivua kwa sabuni na kuificha kwenye mkoba, na alipoulizwa akasema dhahabu inamwasha.

Mwenyewe alishajipa maelezo. Ni uzee. Ni funguo za gereza, kubwa kama vijiko vya harusini, alizozizungusha miaka nenda rudi. Maumivu yake yeye yalikuwa ya heshima, ya mkwe yalikuwa uvivu, na hakuona tatizo lolote katika hukumu hiyo.

Mambo yalimharibikia siku binti alipokwenda kupima mashamba ya mbali, kazi ya kulala hukohuko. Afande aliingia bafuni na beseni lake, akafunga mlango kwa ufunguo kama kawaida yake, akaoga, akaloweka mikono. Siku hiyo vidole vilikataa katakata. Akajifunga taulo, akaenda mlangoni. Ufunguo haukuzunguka. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akajaribu kwa wa kushoto, akajaribu kwa yote miwili kama mtu anayenyonga kuku, na mwisho, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwona, akajaribu kwa meno.

Mwanamke aliyefungia na kufungulia watu maisha yake yote alikuwa amefungwa chooni, na kitasa chenyewe ni cha bei rahisi.

Akakaa juu ya beseni lililopinduliwa, akatafakari. Angeweza kusubiri humohumo hadi binti arudi. Maji yapo, choo kipo, na yeye amewahi kuwaweka watu mahali pabaya zaidi ya hapo. Lakini baridi ya sakafu ilianza kumpanda magotini, na magoti nayo siku hizi yalikuwa na lao jambo.

"Saa N... Mkwe!"

Miguu ikasikika ikijikokota. "Naam, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mlango huu umegoma."

"Umegoma vipi? Juzi tu nimekitia kitasa mafuta."

"Nimesema umegoma."

"Basi zungusha ufunguo taratibu..." Sauti ya mkwe ikashuka. "Mama, ni vidole?"

"Vidole vyangu vina miaka mingi ya utumishi. Usivilinganishe na vyako."

"Sijalinganisha, Mama. Uchomoe, uupitishe chini ya mlango, nikufungulie kwa huku."

Afande aliuchomoa kwa viganja na kuusukuma kwa kidole cha mguu. Akasikia chuma kikikwaruza kitasa. Akasikia ufunguo ukianguka sakafuni, ukiokotwa, ukianguka tena. Akasikia neno ambalo hakujua kwamba mkwewe analijua.

"Unafanya nini huko?"

"Nashindwa, Mama."

"Unashindwa nini?"

"Hichohicho unachoshindwa wewe."

Walisimama, mmoja huku na mmoja kule, ubao katikati. Halafu Afande akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akacheka hadi taulo likataka kumwacha mkono, na upande wa pili mkwe naye akacheka, akagonga paji la uso mlangoni.

"Subiri, Mama. Nina wazo."

Alikwenda karakana akarudi na brashi ya mabango ya barabarani, ile yenye mpini mrefu na mgumu. Akaupenyeza mpini kwenye tundu la kichwa cha ufunguo, akausukuma kwa kiwiko badala ya vidole, kama mtu anayezungusha usukani wa lori. Kitasa kikalia *ka!*

"Nimefungua, Mama, lakini mlango sijaugusa. Naenda zangu mbele. Ukiona nipo mbali ndipo utoke."

"Nitaonaje upo mbali na mimi nipo ndani?"

"Nitaimba."

Akaondoka akiimba kwa sauti mbaya ajabu, na Afande, ambaye wimbo wenyewe ungemfikia hata angekuwa nyumba ya tatu, alitoka na heshima yake yote.

Walikutana mezani. Afande akaitisha mikono ya mkwe kama anayekagua kucha za wafungwa, akaiweka kando ya yake. Vifundo vilevile vilikuwa vimevimba, vya mashinani na vya katikati, kulia na kushoto, vyekundu na vya moto. Ncha za vidole zilikuwa zimeachwa salama, kwa mikono yote minne. Ungedhani wamechongwa na fundi mmoja aliyelewa.

"Kumbe kweli," Afande akasema.

"Kweli nini, Mama?"

"Usinilazimishe."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha, na mkwe, ambaye si mjinga, alilipokea kama lilivyo.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari wa viungo alikuwa msichana mwembamba mwenye miwani mikubwa, kiasi kwamba Afande alimwuliza mama yake yupo chumba gani. Daktari alitabasamu, akamkamata mkwe mkono na kuubana pale vifundo vinapopangana. Mkwe alitoa mlio ambao Afande aliuweka akiba kwa matumizi ya baadaye. Ilipofika zamu yake, yeye hakulia. Alimwita tu daktari kwa jina fulani la gerezani, nesi akadondosha faili.

Walitolewa damu, wakapigwa picha za mikono, na waliporudi kwa majibu wakaambiwa wote wana ugonjwa mmoja, baridi yabisi.

"Baridi?" Afande akashangaa. "Mimi nalala na soksi."

"Jina tu, Mama. Haihusiani na baridi ya nje. Hii ni ile inayoletwa na kinga ya mwili wako mwenyewe."

"Na nani kamwambukiza mwenzake?"

"Haiambukizi."

"Basi ya kurithi. Na mimi huyu sijamzaa, naapa mbele yako."

Daktari alivua miwani akaifuta, nadhani ili apate muda wa kumaliza kucheka kimoyomoyo. Kisha akawaeleza. Kwenye damu zipo seli nyeupe za kinga, na kati yake kuna kundi linaitwa seli T. Zinazaliwa ndani ya uboho wa mifupa, halafu zinakwenda kwenye tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua kufundishwa kazi. Huko zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe, na ile inayoonekana inataka kuushambulia mwili inauawa.

"Inauawa? Haipewi hata onyo?"

"Nyingi zinauawa."

"Chuo kizuri hicho," Afande akasema kwa heshima.

"Lakini zipo zinazopenya."

"Hakuna chuo kisicho na waliopenya. Mimi nimefanya nao kazi."

"Sasa hizo zikifika kwenye kiungo, Mama, zinauona utando wako mwenyewe unaokizunguka kiungo kama adui. Seli T si lazima ipige yenyewe. Kazi yake kubwa ni uchochezi. Inaziamsha seli nyingine, inazipa amri, na hizo nyingine zinamwaga kemikali, maji yanajaa, utando unavimba, unaanza kula gegedu inayotenganisha mifupa, na hata mfupa wenyewe. Zipo pia seli T za kutuliza, zenye kazi ya kusema jamani imetosha. Kwa wagonjwa kama nyinyi, hizo huwa zinazidiwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkwe akasema polepole.

"Kingekuwa nguoni ningevua," Afande akamjibu. "Hiki kipo gotini."

Lakini mzaha ule ulimtoka mdomoni tu. Alikuwa akiitazama mikono yake mapajani. "Kwa hiyo wanaonipiga ni wangu mwenyewe."

"Ndiyo, Mama."

"Ninaowalisha."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hatujui yote. Kurithi kidogo, sigara kidogo, bahati mbaya nyingi."

Mkwe, aliyevuta sigara hadi siku ya kuoa, akaanza kuchunguza dari.

Walipewa vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, na daktari akawakazia macho: mara moja kwa wiki, si kila siku, mkikosea mtaumia. Hapo alikuwa amempa Afande alichokikosa tangu astaafu, yaani watu wa kuwasimamia. Kila siku ya dawa alimsimamisha mkwe sebuleni, akamwita kwa sauti ya gwaride, akahakikisha kimemezwa kwa kumwamrisha afungue mdomo na kuinua ulimi. Halafu akameza chake. Binti akiangalia pale mlangoni, na buti mkononi, alishindwa kujua kama apige picha au aombe talaka.

Polepole Afande alipata nafuu. Asubuhi yake ikafupika, akaanza kufungua chupa za watu ambao hawakuomba kufunguliwa. Mkwe hakupata. Siku moja nafuu, siku tatu mbaya, na goti la kulia likajaa kama papai. Akampelekea mwenye shule ya udereva bango lake, na yule bwana akaliangalia kwa muda kabla ya kusema, "Fundi, herufi zako zinakata kona bila kuonyesha ishara."

Mkwe alirudi na bango, akaliegemeza ukutani, akakaa chini mbele yake. Afande alipita mara ya kwanza na kikombe, akapita mara ya pili bila kikombe, na mara ya tatu akasimama.

"Unalia?"

"Rangi imeniingia machoni, Mama."

"Ya makopo yaliyofungwa?"

Mkwe alifuta uso kwa bega. "Mimi ni mkono tu, Mama. Mkono ukienda, nabaki nani? Mume wa mpima ardhi."

Afande angeweza kusema mengi, na baadhi yalikuwa matamu. Badala yake alivuta stuli, akachukua ule mti mwembamba ambao wachora mabango huuegemezea kifundo cha mkono ili kisitetemeke, mti ambao mkwe alikuwa hawezi tena kuushika kwa mkono wa pili. Akaushika yeye kwa viganja viwili, sawasawa mbele ya bango.

"Egemea."

"Mama, haifai..."

"Haifai ni kunifungulia choo. Hilo lilishapita. Egemea, chora."

Mkwe akaegemea. Bango likarudiwa, na hata kama lingekuwa baya mwenye shule asingesema neno, kwa sababu safari hii Afande ndiye aliyelipeleka.

Tatizo la mkwe lilirudishwa kwa daktari. Akasema kuna dawa nyingine, ya dripu. Seli T, alieleza, haiamki kwa kuonyeshwa adui peke yake. Inahitaji ishara ya pili, kama mtu aliyelala ambaye hata ukimwita jina hainuki hadi umguse bega. Dawa hiyo inaziba ile ishara. Halafu akawa na ombi: yupo mtafiti wa hospitali hiyohiyo anayechunguza seli za viungoni, na goti la mkwe litavutwa maji hata hivyo. Je, anaweza kuyatoa kwa utafiti?

"Na yangu," Afande akadakia.

"Goti lako halijajaa, Mama. Hakuna cha kuvuta."

Aliumia kuliko alivyoonyesha. Kwa kumfariji, mtafiti, bwana mmoja mpole aliyekuwa akinong'ona kana kwamba seli zimelala, akawakaribisha maabara baadaye kuziangalia. Chumba kilikuwa kidogo, cha baridi, friji inanguruma. Walizimiwa taa. Mkwe aliinama kwenye hadubini kwanza, akasema "lo", akampisha.

Afande alipachika jicho. Kwenye giza zilielea nukta za duara, baadhi zinang'aa kijani.

"Za kijani ndizo T," mtafiti alinong'ona. "Tumezitia rangi ili zijitofautishe."

"Hizi?"

"Hizo."

"Ndogo hivi? Hazina hata uso!" Aliinuka, akamtazama mkwe, akainama tena. Kwa kweli alitegemea kitu chenye meno. Kupigwa na jitu si aibu. Lakini kunyimwa kufunga vifungo vya gauni lako na punje kama hizi! Akasogeza mdomo karibu na kile chombo, akasema kwa ile sauti iliyowahi kunyamazisha bweni zima, "Nyinyi! Mnamjua mnayemla?"

"Hawasikii, Mama," mtafiti akanong'ona. "Wamekwishakufa."

"Vizuri."

Dripu haikuleta muujiza. Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha goti likaanza kushuka, kisha mkwe akaona kwamba amefunga kamba za viatu bila kufikiri, akazifungua akazifunga tena ili ahakikishe. Daktari aliwaonya wasipige ngoma wakacheza. Ugonjwa haujaondoka, umetulizwa, na ipo siku utaamka. Uliamka kweli, kwa Afande, wiki ileile paa lake lilipokamilika. Alirudi kwake na mikono iliyovimba, akakataa kubaki kwa binti, akakubali tu kwamba mkwe apite asubuhi kumkorogea chai. Mkwe alipita. Walikaa jikoni, wanaisema serikali ya miili yao, na binti akaanza kuhisi ndiye aliyeolewa katika familia isiyo yake.

Ile hali ilipotulia, daktari alimwita mkwe kwa kazi: kliniki ilikuwa ikihamia jengo la mbele, barabarani, na inataka bango. Mkwe alipanda ngazi fupi akaanza. Afande alikaa kwenye kiti cha kukunja pembeni, hakuitwa na mtu, akisimamia. Maandishi yalitoka makubwa, ya buluu, KLINIKI YA VIUNGO, na herufi ya mwisho ikatoka imelala kidogo, kama yai. Mkwe akaitazama, akachovya kitambaa kwenye tapentaini aifute.

"Iache," Afande akasema. "Wanaokuja hapa hawaji kusoma."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu alisimama, akasoma bango kwa sauti, akaangaza ndani ya jengo kutafuta rafu.

"Samahani, dada. Mdalasini mnao?"

"Tuna magoti," Afande akamjibu. "Unataka langu au la mkwe wangu?"